Dole gumba lina gharama, na mkulima ndiye anayeilipa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nijibu kauli niliyoisikia hivi karibuni katika kikao kimoja cha wilaya, ambapo mjumbe mmoja, mtu msomi na mwenye nia njema, alisema kwamba fedha za elimu ya watu wazima ni afadhali zikanunulie madawati ya shule za msingi, kwa kuwa wasiojua kusoma waliobaki ni wazee, na baada ya miaka michache tatizo hilo litakwisha lenyewe. Ukumbi mzima uliitikia kwa vichwa. Mimi nilikuwa msikilizaji tu, sikuwa na haki ya kusema, na ndiyo sababu naandika.

Kwa misimu 11 nilikuwa karani wa mizani katika chama kimoja cha msingi cha wakulima wa korosho mkoani Mtwara. Kazi ya karani ni kupima gunia, kuandika stakabadhi, kumwonesha mkulima mahali pa kutia saini, na kwa yule asiyejua kuandika jina lake, kumshika kidole gumba, kukibonyeza kwenye sponji ya wino na kisha kukikandamiza kwenye karatasi. Vidole vya wakulima wetu vina madoa ya utomvu wa mabibo, na vya wengine vimelika kwa jembe kiasi kwamba alama haitoki mpaka urudie mara mbili au tatu. Nimeshika vidole hivyo kwa mamia, na nakiri kwamba kwa miaka mingi sikuwa nikifikiri chochote zaidi ya urefu wa foleni.

Msimu mmoja alikuja bibi mwenye magunia mawili, mjane, nikamtia wino kama wengine kwenye karatasi ya malipo. Alipokuwa akifuta kidole kwenye ncha ya kanga, aliniuliza, "Hapa nimekubali nini, mwanangu?" Nikamjibu kwamba amekubali pesa yake. Jioni, nikifunga hesabu, ndipo nilipoona kwamba katika mjengeko wake, yaani ile safu ya makato tunayoijua sote huku kusini, kulikuwa na deni la salfa, dawa ya unga ya mikorosho, lililoandikwa kwa jina la marehemu mumewe, deni ambalo kitabu cha msimu uliotangulia kilionesha kuwa limekwishalipwa. Nililisemea, na fedha zilirudishwa msimu uliofuata. Lakini yeye hakuwahi kujua kwamba alikatwa, wala hakuelewa vizuri kwa nini alirudishiwa. Alishukuru kana kwamba amepewa sadaka. Ni makosa mangapi ya namna hiyo ambayo makarani hawakuyaona, au waliyaona wakanyamaza, siwezi kuyahesabu.

Nalieleza tukio hili kwa sababu tunapozungumzia uhusiano wa kutojua kusoma na umaskini, huwa tunausema kijumla mno, kana kwamba ni mambo mawili yanayotembea pamoja kwa bahati mbaya. Mkulima asiyesoma halipi gharama ya kutosoma mara moja. Huilipa kidogo kidogo, katika kila muamala, mwaka baada ya mwaka. Huilipa mwezi wa Julai, chakula kinapopungua ghalani na mfanyabiashara wa kangomba anapopita nyumba kwa nyumba akinunua korosho ambazo bado ziko mtini, kwa bakuli linalohesabiwa kilo moja ilhali linabeba zaidi ya kilo, na makubaliano yakiandikwa katika daftari ambalo mnunuzi peke yake ndiye anayeweza kulisoma. Serikali ilipoamua katika msimu wa 2018/2019 kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, bei hiyo aliijua kila mtu hata asiyejua herufi moja, kwa maana iliimbwa redioni asubuhi na jioni. Lakini kwa aliyekwisha kuuza kwa kangomba, bei hiyo ilikuwa ya mtu mwingine.

Huilipa pia kwenye dawa. Kiuatilifu cha maji kina maelekezo ya vipimo kwenye chupa, na asiyesoma hukadiria kwa kifuniko, akizidisha akaunguza maua au akipunguza ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukabaki palepale. Siku hizi ndiyo imeongezeka simu. Fedha zinaingia kwa ujumbe, na anayeusoma ujumbe ni mjukuu, au kijana wa kibandani anayeijua na namba ya siri ya bibi kwa sababu bibi mwenyewe alimtajia ili amsaidie. Sisi tunaosoma tukipata ule ujumbe wa kitapeli unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii", tunacheka na kuufuta. Asiyesoma husomewa, na kama msomaji si mwaminifu, mwisho wake unajulikana. Na ile mikopo ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu, mikataba yake sijaona hata mmoja uliosomwa kwa sauti kabla ya kidole kutiwa wino.

Sasa nirudi kwa mjumbe wetu. Si kweli kwamba waliobaki ni wazee peke yao. Sensa ya mwaka 2022 ilionesha kuwa takriban watu wazima 83 katika kila 100 nchini wanajua kusoma na kuandika. Maana yake ni kwamba 17 hawajui, na katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 61 hilo si kundi la wazee wachache. Ada na michango ilirudi katika shule za msingi miaka ya 1980, na uandikishaji wa watoto ukashuka, mpaka ada ilipofutwa na uandikishaji ukapanda tena kuanzia mwaka 2002. Mtoto aliyepaswa kuanza darasa la kwanza mwaka 1992, akakaa nyumbani kwa kukosa ada na sare, leo ana umri wa miaka 40 na ushee. Huyo si mzee wa kusubiriwa afe. Ndiye mwenye shamba, ndiye mwenye watoto shuleni, na ana misimu 20 au 30 mbele yake ya kutia dole gumba. Nimewashika vidole vijana wa umri huo, na hao ndio huona haya kuliko wazee. Hutazama pembeni, na wengine hujifanya wamesahau miwani.

Hata nje ya mipaka yetu hesabu haiendi kama alivyosema. Shirika la UNESCO linakadiria kwamba duniani kuna vijana na watu wazima zaidi ya milioni 700 wasiojua kusoma na kuandika, karibu theluthi mbili wakiwa wanawake, na wengi wao wakiishi Asia ya Kusini na Afrika kusini mwa Sahara. Nchi ambazo zina viwango vya chini kabisa vya kusoma, kama Chadi, Niger, Mali na Sudan Kusini, ndizo hizo hizo unazozikuta kwenye orodha ya nchi maskini kuliko zote. Ukiangalia harakaharaka utasema basi tungoje tutajirike kwanza, kusoma kutafuata. Lakini Cuba haikungoja: mwaka 1961 ilifunga shule, ikapeleka vijana vijijini na taa za chemli, na watu wapatao 700,000 wakafundishwa kusoma ndani ya mwaka mmoja. Jimbo la Kerala nchini India, ambalo halikuwa tajiri hata kidogo, lilitangazwa mwaka 1991 kuwa limefuta ujinga wa kutojua kusoma.

Na sisi je? Vijana hawaamini ninapowaambia kwamba kulikuwa na wakati mataifa mengine yalikuja kujifunza hapa. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kabla ya hapo, tangu mwaka 1968, mikoa ya Kanda ya Ziwa ilikuwa na mradi wa majaribio wenye makao yake Mwanza, uliosaidiwa na UNESCO, ambao ulikuja na kile tulichokiita kisomo chenye manufaa. Siri yake ilikuwa nyepesi: mkulima wa pamba alifundishwa herufi kwa kitabu cha kilimo cha pamba, mvuvi kwa kitabu cha uvuvi, mwenye migomba kwa kitabu cha migomba. Wakati wa uhuru wengi wa watu wazima hawakujua kusoma, na hata mwaka 1967 walikuwa karibu theluthi mbili. Mtihani wa kitaifa wa kisomo wa mwaka 1975 ulikuta wamebaki asilimia 39, na kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki chini ya asilimia 10. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, waliomaliza darasa la saba tu, na madarasa yalikuwa chini ya miembe. Wanafunzi wengi walikuwa akina mama.

Hapa msomaji makini ataniuliza: kama asilimia 90 walijua kusoma mwaka 1986, mbona hatukutajirika? Swali hilo ni la haki, na sitalikwepa. Mwaka huo huo wa 1986 ndio nchi ilitia saini masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, maduka yakiwa yametoka katika miaka ya foleni za sukari na sabuni. Kisomo hakiteremshi bei ya mafuta wala hakipandishi bei ya korosho katika soko la dunia, na anayedai hivyo anawadanganya watu. Tena kisomo huliwa na kutu. Aliyejua kuunganisha silabi mwaka 1980, kisha akakaa kijijini bila gazeti, bila maktaba na bila barua, baada ya miaka 10 alikuwa amerudi kwenye dole gumba. Nimekutana na wazee wenye vyeti vya kisomo ndani ya masanduku, ambao hawawezi tena kuvisoma vyeti hivyo. Kosa letu, kwa maoni yangu, lilikuwa kufundisha kusoma na kisha kutompa msomaji kitu cha kusoma kinachomhusu.

Leo hali hiyo imegeuka, na ndiyo maana naona kauli ya kungoja wazee wafe imekuja wakati mbaya kabisa. Leo karatasi zimejaa. Mkulima ana stakabadhi ya ghala, ana mjengeko, ana tangazo la mnada, ana lebo ya kiuatilifu, ana ujumbe wa simu, ana fomu ya mkopo. Vitabu vya kiada tayari vimo mikononi mwake, tena vinabadilika kila wiki. Kinachokosekana ni mtu wa kumkalisha chini na kumfundisha avisome. Mipango ipo kwenye makaratasi. MUKEJA, ule mpango wa elimu ya watu wazima unaoendeshwa na jamii yenyewe, ipo, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ipo tangu ilipoundwa kwa sheria mwaka 1975, na maofisa wa elimu ya watu wazima wapo wilayani, ingawa wengi hawana hata pikipiki. Lakini darasa likiwa kwenye jengo la shule, saa 10 jioni, mtu mzima haendi kukaa kwenye dawati la mjukuu wake.

Napendekeza darasa lihamie ghalani. Chama cha msingi kinachokusanya tani 500 kikitenga shilingi 5 kwa kila kilo kutoka kwenye mjengeko huo huo tunaoulalamikia, kinapata shilingi milioni mbili na nusu, ambazo zinatosha posho ya mwalimu mmoja wa kijijini kwa miezi kadhaa na maboksi ya chaki. Wakulima waamue wenyewe katika mkutano mkuu, na kifungu hicho kisomwe kwa sauti kabla ya kupitishwa. Somo la kwanza liwe jina la mtu mwenyewe, la pili tarakimu za mizani, la tatu stakabadhi yake mwenyewe ya msimu uliopita, makato moja baada ya jingine. Makarani tufundishe kwa zamu, maana sisi ndio tunaojua mahali makosa yanapojificha.

Ghala letu hubaki tupu msimu ukishafungwa, kuanzia Februari mpaka Septemba. Mabenchi yapo. Ubao nao upo, ule tunaoandikia bei za mnada.

Karani mstaafu wa mizani,
Mtwara.