Barua kwa shoga yangu anayejiandaa na kilomita 21

Moshi,
Jumapili jioni, Novemba

Shoga yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku, sote hatujambo. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilifurahi: kilomita 18 bila kusimama, na Kilimanjaro Marathon bado miezi mitatu! Mara ya pili nikakwama kwenye ule mstari ulioupitia haraka, kwamba tangu Julai hujaingia mwezini na "angalau usumbufu mmoja umepungua." Nitaurudia huo. Kwanza nijibu ulichouliza.

Ulitaka nikutumie ratiba yangu inayofuata mzunguko wa hedhi. Sikutumii, maana imeshonwa kwa mwili wangu. Watafiti waliolinganisha nguvu za wanawake katika vipindi mbalimbali vya mzunguko wameona tofauti ndogo sana kwa wastani, lakini mwanamke na mwenzake hawafanani. Mwingereza Paula Radcliffe alivunja rekodi ya dunia ya marathoni kule Chicago mwaka 2002, saa 2 dakika 17 na sekunde 18, huku tumbo la hedhi likimsokota. Mimi siku ya kwanza hata kuutembea mlima wa Mweka siwezi. Natoka nusu saa taratibu, au nalala na chupa ya maji ya moto tumboni. Kuanzia siku ya 4 au ya 5 miguu inafunguka, basi mazoezi ya kasi na milima nayarundika hapo.

Wiki ya mwisho kabla ya damu ndiyo iliyonitesa miaka mingi. Yai likishapevuka, homoni iitwayo projesteroni hupanda, joto la mwili nalo hupanda kidogo, halifiki hata nyuzi moja, na moyo unaweza kwenda mbio zaidi kwa mwendo uleule. Nilikuwa natazama saa mkononi na kujiita mvivu. Sasa siku hizo natoka alfajiri kabla ya jua, na kasi siipimi kabisa, naangalia tu kama bado naweza kuongea sentensi nzima nikikimbia. Chukua daftari, andika kila siku: siku ya mzunguko, usingizi, miguu, tumbo. Baada ya mizunguko mitatu utaiona ratiba yako mwenyewe.

Ila wewe kwa sasa huna mzunguko wa kuandika, na hapo ndipo usingizi wangu ulipoishia.

Pima mimba kwanza. Kama hakuna, na hujachoma sindano ya uzazi wa mpango, ninachohofia ni kwamba unakula kidogo kuliko unavyokimbia. Chakula kisipotosha, mwili hubana matumizi, na uzazi huwa miongoni mwa vya kwanza kuzimwa. Homoni ya kike ya estrojeni ikishuka, mifupa nayo hudhoofika.

Haya nayajua kwa mguu wangu wa kushoto. Mwaka ule niliokonda, hedhi ilikata miezi saba. Kocha niliyekuwa naye akasema hiyo ni dalili kwamba sasa nimekuwa mwanariadha. Nikamwamini, nikaacha hata ugali wa usiku. Muundi ukaanza kuuma kama kidole kinachobonyeza, palepale, kila nikikanyaga. Picha ya kwanza haikuonyesha kitu. Wiki tatu baadaye ufa ukaonekana kwenye mfupa. Nilikaa na magongo barazani nikiwatazama wenzangu wakishuka kutoka mlimani, na kilichoniuma kuliko mguu ni kwamba mwili ulinionya miezi saba nami nikashangilia. Hedhi ilirudi nilipopunguza kilomita na kuanza kula: bakuli la mtori kabla ya mazoezi, wali na maharage mara tu nikirudi, na ugali wangu wa usiku.

Yako ikirudi, usisahau madini chuma. Maini, dagaa, mchicha, na chungwa pembeni. Chai isubiri saa moja baada ya kula, najua utanuna.

Miezi mitatu bila hedhi inatosha kumwona daktari, nawe unayo minne. Nenda wiki hii. Mwambie wazi unakimbia kilomita ngapi na sahani yako ina nini, usione haya. Ukitoka nipigie, hata kama ni usiku. Kitanda chako cha Februari kipo, ukimbie usikimbie.

Shoga yako akupendaye