Mbwa wetu pia wanaumwa na mbu, tuwapime damu

Mhariri,

Kuna jambo linanisumbua tangu mvua ya Aprili. Mbwa wangu Simba alitokwa na uvimbe ubavuni, mdogo kama punje ya mahindi, nikadhani ni kupe, lakini ukaendelea kukua wiki baada ya wiki mpaka nikampeleka kwa daktari wa mifugo. Akapasua pale akatoa mnyoo mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, na ulikuwa bado unajinyonganyonga. Kisha akaweka tone la damu ya Simba kwa kioo akaniambia nichungulie kwa hadubini, nikaona vijiminyoo vinarukaruka katikati ya damu. Nilishikwa na baridi.

Daktari akaniambia mnyoo huo unaitwa Dirofilaria repens, hukaa chini ya ngozi, na aliyemletea Simba ni mbu. Una ndugu yake, Dirofilaria immitis, huyo ndiye mbaya zaidi kwa mbwa maana hukaa kwa moyo na mishipa ya kwenda mapafuni, jike lake linafika karibu sentimita 30, na mbwa anaanza kukohoa, anachoka haraka, mwisho moyo unashindwa. Mbu akinyonya damu yenye vile vijiminyoo vinakomaa ndani yake kama wiki mbili hivi kukiwa na joto, akimuuma mbwa mwingine anampa. Nchi za baridi angalau wakati wa baridi kali mbu wanapungua, hapa Kisumu joto ni mwaka mzima.

Sasa jirani yangu aliposikia hayo akataka nimuue Simba kwa sababu ana watoto. Nilimwelewa, lakini hapo tunakosea sana. Mbwa hakupi minyoo hii kwa kukulamba wala kwa kumshika, lazima ipitie kwa mbu. Na malaria mbwa hatupi kabisa, hiyo inatoka kwa watu wenzetu. Lakini mbu aliyemnyonya Simba usiku anaweza kuniuma mimi pia, na kwa binadamu mnyoo huu kwa kawaida haukomai vizuri, unaleta uvimbe chini ya ngozi ama kwa jicho, na ule wa moyo unaweza kuacha doa kwa pafu ambalo kwa eksirei linafanana na kansa, kuna watu wamepasuliwa kifua kumbe ni mnyoo umekufa mle ndani. Ukimuua mbwa mmoja mtaani na mtaro unaozalisha mbu ubaki vile ulivyo umefanya nini?

Huo mtaro ndio shida yangu. Neti tunazo, tunalala ndani yake, Simba analala nje kando ya maji machafu yaliyosimama, na mbu aina ya Culex wanapenda maji hayo hayo. Neti yangu haimfikii.

Kitu kingine, watu wananunua ivermektini, dawa ya minyoo ya ng'ombe, kwa agroveti wanampiga mbwa sindano kwa kukadiria na macho. Wacheni hiyo! Dawa ni nzuri, waliogundua walipata tuzo ya Nobel 2015, lakini kipimo cha mbwa ni kidogo sana na kinaenda na uzito wake, na kuna mbwa kama wale wa aina ya koli wengine wao haiwaendei kabisa, inawapanda kwa ubongo. Tena mbwa anaweza kuwa na minyoo ya moyo tayari, kwa hivyo lazima apimwe kwanza kabla ya dawa.

Ombi langu kwa kaunti ni hili. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kichaa cha mbwa duniani, na watu wakisikia kuna chanjo wanaleta mbwa wao, hata watoto wanawavuta kwa kamba za sisali. Mbwa wako pale, wameshikwa, daktari yuko pale. Watoe tone moja la damu kwa kila mbwa, waangalie, watuambie ni mitaa gani iko na minyoo hii, halafu waanzie hapo kuzibua mitaro. Simba wangu nitamleta wa kwanza.

Mkazi wa Nyalenda,
Kisumu