Yule mtoto uliyemtoa nje

Mwanangu Shabani,

Salamu zako zimefika. Sisi huku Tandika hatujambo, ila presha ya baba yako ilipanda Jumanne, leo ana afadhali. Barua hii anakuletea Mwajuma pamoja na ndoo ya maandazi. Kwenye simu huwa unaniambia "sawa mama, nimekuelewa", halafu unakata, ndiyo maana nimeandika.

Yule mtoto uliyemtoa nje juzi, amerudi? Ulisema ana kichwa kigumu, kajumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, wenzake wakaangua kicheko, ukamtoa ili tuisheni itulie. Mbona ulimtoa yeye, ukawaacha waliocheka?

Jibu lake nimeliwaza usiku kucha. Hakubahatisha huyo. Kajumlisha za juu kwa za juu, za chini kwa za chini, kama alivyozoea kujumlisha siku zote. Mkatie chapati mbele ya macho yake. Weka nusu, ongeza theluthi, aone kilichobaki ni sudusi tu, kipande cha kutia mdomoni mara moja. Kisha muulize: mbili ya tano haifiki hata nusu, sasa ile nusu tuliyoanza nayo imekwenda wapi? Halafu unyamaze. Mwache akae na hilo swali hata kama wenzake wanasubiri.

Na umuulize kwa Kiswahili. Shule ya msingi alifundishwa kiasi na asili, yaani ya juu na ya chini, KDS ya kigawe kidogo cha shirika, MAGAZIJUTO ya kujua tendo lipi linaanza, akaingia kidato cha kwanza akakuta kila kitu kimegeuka Kiingereza. Utajuaje kama kilichomshinda ni hesabu au ni lugha?

Juzi hapa uani nilimwona binti wa jirani akifanya kazi ya shule. Anaandika huku kiganja kimefunika jibu. Nikisogea anafuta, anaandika tena, anafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Nikamwomba anionyeshe. Alikuwa amepata. Mtoto amepata, na bado anaficha!

Wewe mwenyewe ndiye uliyenisimulia habari za Erasto Mpemba, aliyeona mwaka 1963 maziwa ya moto yakiganda kabla ya yaliyopoa, na alipouliza akachekwa darasani. Mwaka 1969 jina lake likachapishwa pamoja na la Dakta Osborne wa chuo kikuu cha hapa hapa Dar. Ulinisimulia kwa furaha kweli. Sasa mbona kwako mtoto anachekwa?

Najivunia wewe, Shabani. Hata mama ntilie wa kituoni siku hizi ananiita mama mwalimu. Lakini nimesikia asiye na mia tano ya siku unamrudisha mlangoni. Hilo sikulipenda. Mwandike kwenye daftari, aingie, akae mbele.

Usije ukadhani hesabu ulizipenda kwa sababu ya tebo ya saba na yale yaliyokuwa yakitokea jikoni jioni. Ulizipendea barazani, kwenye bao la babu yako, na babu yako hakukunyanyulia mkono hata siku moja. Mimi nilikuwa narudi sokoni miguu imevimba. Hiyo nayo si sababu. Mwiko ule ulipovunjika sikununua mwingine wa aina ile.

Bati la chumba chako linavuja juu ya kitanda, fundi anataka elfu thelathini, nimemwambia asubiri uje Jumapili ulione mwenyewe. Mchango wa harusi ya binti wa shangazi yako bado hujatoa, na jina lako linasomwa kila kikao. Luku nimenunua, usitume.

Huyo mtoto kama hajarudi, mfuate kwao. Usimtume mwenzake. Nenda wewe, upige hodi, uongee na mama yake kwa upole, na mtoto mwenyewe awepo akusikie.

Ndoo mpe Mwajuma arudi nayo leo leo, alfajiri nitaihitaji.

Mama yako