Malalamiko kuhusu miche ya Caltha palustris niliyouziwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: MICHE SITA ILIYOUZWA KWA JINA LISILO LAKE

Nilinunua kwenu miche sita ya Caltha palustris, mmea wa kudumu wenye maua ya manjano unaoota wenyewe kando ya vijito. Kona moja ya bustani yangu hutuama maji, na mmea huu hupenda udongo wa chepechepe. Niliipanda, nikaisubiri kwa hamu.

Ilipochanua nilishtuka. Caltha haina petali, yaani vijani vya rangi vya ndani ya ua. Manjano yake ni ya sepali, vile vijani vya nje vinavyolifunika ua kabla halijachanua, kwa kawaida tano, tena pana. Maua yangu yalikuwa na petali nane nyembamba, zinang'aa kama zimepakwa mafuta, na nilipoligeuza ua moja nikakuta sepali tatu za kijani chini yake. Nikang'oa mche, nikausuuza kwenye ndoo. Mizizini palikuwa na viazi vidogo vimesongamana kama vidole vya mtoto mchanga. Caltha haina viazi kabisa. Mlichoniuzia ni Ficaria verna, mmea mwingine wa maua ya manjano.

Mimea hii ni ya familia moja na majani yake yanakaribiana, hilo nalijua. Lakini anayeuza mmea kwa jina la kisayansi hana budi kuchomoa mche mmoja na kutazama mizizi kabla ya kubandika lebo.

Fedha haziniumi sana. Kinachoniuma ni kwamba Ficaria huzaliana kwa viazi hivyo, na mingine hutoa vichipukizi vidogo mfano wa vitunguu pale jani linapoungana na shina, vikadondoka na kuota. Nimechimba mara tatu, na bado inachipua. Kiangazi kikifika majani hunyauka yote, nami sitajua tena pa kuchimba. Nchini Marekani, ambako si kwao, umeshakuwa mmea vamizi.

Naomba mnirudishie fedha zangu, mkague miche iliyobaki kitaluni, na zaidi ya yote muwaarifu wote walionunua miche ya kundi hilo. Aliyeipanda karibu na kijito ndiye wa kuarifiwa kwanza, maana mafuriko huvibeba viazi hivyo hadi kwenye ardhi ya watu wengine.

Nimeambatisha risiti, picha ya lebo yenu na picha za ua na mizizi. Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Mche mmoja nimeuhifadhi kwenye chungu, endapo mtataka kuukagua wenyewe.

Wenu,
Mteja