Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Chama cha Wakusanyaji wa Noti Bandia

Ndugu wanachama,

Mikutano, maonyesho na mnada wa ndani vilifanyika kama mnavyojua. Sitarudia.

Lililozua maneno ni uamuzi wa kamati, kwa pendekezo langu, kuondoa kwenye maonyesho na mnada kila noti bandia inayoiga fedha ambayo bado ni halali. Tumeambiwa tunaua chama. Ukweli ni kwamba tunakinusuru.

Wanaopinga wanasema noti ya zamani haina madhara. Umri si hoja. Marekani haijabatilisha noti zake zilizotolewa tangu 1861, kwa hiyo dola moja moja bandia za Emerich Juettner, aliyekamatwa 1948 na ambaye baadhi ya noti zake zilikosea hata tahajia ya jina Washington, bado zinaweza kutwaliwa na serikali huko, hata zikiwekewa fremu.

Nimeulizwa pia mbona pauni bandia za Uingereza za Operesheni Bernhard, mpango wa Ujerumani ya Nazi, zimeachwa. Noti hizo, zilizotengenezwa na wafungwa wa kambi ya Sachsenhausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, ni nyeupe, zina chapa upande mmoja tu, na huuzwa waziwazi minadani. Hakuna muuza duka atakayezipokea leo. Hata hivyo kila mwenye nazo aulizie sheria ya nchi yake, kwani chama hakitamsimamia mahakamani.

Noti za Samuel Upham wa Philadelphia hazina tatizo: serikali ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani, ambayo noti zake aliziiga, ilianguka 1865. Upham alichapa pambizoni kwamba ni nakala, pamoja na jina na anwani yake. Waliotaka kuzitumia walikata pambizo hilo. Ndiyo maana yenye pambizo kamili hutafutwa zaidi. Kabla ya kununua, iinue kwenye mwanga uone kama pambizo limegundishwa baadaye.

Jambo jingine lililonisikitisha: vielelezo kadhaa vimerudi na michirizi ya kalamu ya iodini, ile ya kupimia noti bandia. Kalamu hiyo hutambua tu wanga uliomo kwenye karatasi ya kawaida. Karatasi ya kawaida huweka doa jeusi lisilotoka, na noti halisi ya thamani ndogo iliyofutwa wino ikachapwa upya hupita bila kugunduliwa. Tumieni lenzi ya mara 10: vitone vya rangi ni kazi ya printa. Chini ya taa ya urujuanimno karatasi ya kawaida hung'aa samawati kwa sababu ya kemikali za kuifanya iwe nyeupe. Karatasi ya noti halisi hubaki imefifia. Hifadhini katika mifuko ya poliesta. Plastiki ya PVC hutoa kemikali zinazonata na kula wino. Msilaminishe, na selotepu ni marufuku kabisa.

Sasa ada. Wanachama 64, waliolipa 27, wastani wa mahudhurio 11, mikutano miwili haikutimiza akidi. Uamuzi ninaoutetea ulipita kwa kura 9 dhidi ya 2. Wengi wanaolalamika sasa hawakuja kupiga kura, na wengine wanadaiwa ada ya miaka miwili. Kiti hiki nimekishikilia bila posho. Nastahili angalau kusikilizwa ukumbini.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kuanza orodha ya pamoja yenye picha na pengine kununua kabati lisilopitisha mwanga. Itategemea ada.

Wenye noti zilizopigwa marufuku wasizilete ukumbini wala kuzituma kwa posta. Wawasiliane na mamlaka za nchi zao kuhusu kuzisalimisha.

Mwenyekiti