YAH: SIMU ZA LAINI MBILI ZISIZOACHA KUGONGA MNARA, NA USHAHIDI ULIOFUTWA MEZANI KWENU

Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja na Dhamana.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sera yenu ya dhamana mnaijua kuliko sisi, hatutaikariri.

Kati ya simu 46 mlizotuuzia kwa ajili ya mawakala wa miamala, 43 zinasumbua tangu apdeti ya mwezi wa pili. Tiketi yenu imeandika "betri". Si betri, ni modemu, kile kifaa ndani ya simu kinachozungumza na mnara. Laini ya pili ikikataliwa na mtandao, kwa mfano laini ya zamani iliyofungiwa kwa kutohakikiwa kwa alama za vidole, modemu haikubali jibu. Inaomba usajili upya baada ya sekunde 10, inakataliwa, inaomba tena, usiku kucha. Kumbukumbu za modemu, zilizochukuliwa kwa waya wa USB, zilionyesha maombi 341 kwa saa moja, na majibu yote yalibeba sababu namba 8, yaani laini hairuhusiwi huduma yoyote. Utaratibu wa 3GPP, chombo kinachoweka viwango vya mitandao ya simu duniani, kwa sababu hiyo uko wazi: laini ihesabiwe batili mpaka simu izimwe au laini itolewe. Maombi yalipaswa kukoma pale pale. Hata kwa hitilafu ya kupita, ni majaribio matano, kisha kipima muda cha T3402 kinaifungia modemu dakika 12, yaani kwa saa nzima maombi hayafiki 30.

Betri inaisha kabla ya saa nane mchana kwa sababu hiyo. Lakini hilo ni dogo. Simu hizi zina redio moja kwa laini mbili. Kila laini ya pili inapokwenda kubisha hodi, ya kwanza inabaki kiziwi, na mtandao hauna habari. Mtandao unamwita wakala kwenye mnara wa mwisho aliotumia, kimya; unamwita kwenye minara yote ya eneo lile, kimya. Mpigaji anaambiwa namba haipatikani, na kioo cha wakala kinaonyesha vistari vyote vya mtandao. Mteja wa kutoa laki tatu hasubiri, anavuka barabara.

Yote haya yalikuwa ndani ya simu aliyoleta fundi wetu Jumanne: kumbukumbu za siku tatu, na karatasi mbili za maelezo zilizobanwa kwa pini. Ofisa wenu aliipokea, akabonyeza kitufe cha kuongeza sauti pamoja na cha kuwasha, akachagua kufuta kila kitu, akairudisha ikiwa inauliza lugha. "Simu za laini mbili ndivyo zilivyo, kaka. Weka laini moja."

Ndiyo, ukitoa laini iliyofungiwa simu inatulia. Hilo tuliligundua wenyewe na tuliwaandikia mwezi wa tatu, bila kujibiwa. Mlituuzia simu ya laini mbili, na bei mlitoza ya laini mbili.

Msiseme ni mtandao pia. Simu tatu kati ya zile 46 hazikuwahi kuapdetiwa. Tulizipa laini zilezile, chini ya mnara uleule: zilikataliwa mara moja zikanyamaza. Kwa hiyo kosa liko kwenye apdeti yenu, na marekebisho yake hayahitaji muujiza. Modemu itii sababu ya kukataliwa. Ihifadhi kukataliwa huko hata inapojiwasha upya yenyewe, maana hapo ndipo tunapodhani hesabu inarudi sifuri. Laini mbili zikiwa za mtandao mmoja, vipimo vya minara vichukuliwe mara moja vitumike na zote mbili. Hatuwadai mambo ya Toleo la 17 la 3GPP, ambako simu inauaga mtandao kabla ya kuhamia laini nyingine; simu hizi ni za zamani kidogo, tunaelewa. Kutii jibu la "hapana" ni jambo la tangu enzi za 2G.

Apdeti hiyo tuliitaka ndani ya siku 14, na barua ingeishia hapo.

Ila turudi mezani. Ofisa hakuuliza simu ina tatizo gani. Karatasi hakuzifungua, aliweka kikombe cha chai juu yake. Fundi alisema "subiri, kuna kumbukumbu humo", akasema mara mbili, na vidole vilikuwa tayari kwenye vitufe. Siku tatu za ushahidi zilifutwa kwa chini ya dakika mbili, foleni ikitazama, na mtu mmoja nyuma ya kaunta akicheka. Duara la kikombe bado liko kwenye karatasi ya kwanza. Tumeambatanisha nakala.

Kwa hiyo sasa tunataka apdeti ndani ya siku 7, simu 43 zibadilishwe, na ofisa huyo aombe radhi kwa maandishi. Siku ya nane ikifika bila jibu, hatutapokea tena simu mbadala: tutadai fedha zote za simu 46, zikiwemo zile tatu nzima, kwa kuwa hatuwezi kuziapdeti tena kwa amani. Nakala ya barua hii, pamoja na kumbukumbu ya ile saa moja tuliyokuwa tumeihamishia kwenye kompyuta, itakwenda TCRA na Tume ya Ushindani asubuhi hiyohiyo.

Simu iliyofutwa tunaihifadhi kama ilivyorudi, bado inauliza lugha.

Fundi Mkuu,
Karakana ya Simu, Kariakoo,
Dar es Salaam.