Rais ameomba radhi; sanduku la nyumbani atalifungua nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika hivi karibuni kwamba habari ya Majimaji imekwisha, kwa kuwa Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea Novemba 1, 2023, akakutana na kizazi cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, na kuomba radhi kwa yale ambayo Wajerumani waliwatendea wazee wetu. Msomaji huyo alituasa kwamba yaliyopita si ndwele. Mimi ni mzaliwa wa Pangani na nimeishi Berlin, eneo la Wedding, kwa miaka kumi na tisa nikifanya kazi ya uuguzi wa wazee. Kwa hiyo jambo hili ninalitazama kutoka upande ule ambako radhi ilitoka, na nionavyo mimi, katika nyumba nyingi za huku kazi yenyewe haijaanza.

Sidharau radhi ile. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na kufikia mwisho wa vita mwaka 1907, pamoja na njaa iliyofuata, makadirio ya baadhi ya wanahistoria yanafika watu 300,000 waliopoteza maisha. Wengi wao hawakufa kwa risasi. Jeshi la Wajerumani lilichoma vijiji, maghala na mashamba kwa makusudi, kwa sababu maofisa wake waliona kwamba njaa ingefanya kazi ambayo bunduki ilishindwa kuimaliza. Kiongozi wa nchi hiyo kusimama Songea, mahali ambapo kila Februari 27 watu huwakumbuka mashujaa walionyongwa mwaka 1906, na kutamka waziwazi kwamba anaomba msamaha, ni jambo zito, na sioni haya kusema kwamba niliposikia habari hiyo nililia. Lakini radhi ya serikali ina kasoro moja kubwa. Huombwa kwa niaba ya wote, na kwa hiyo kila mmoja wao anaweza kulala usingizi akijihesabu kuwa naye amekwisha kuomba, hata kama hajawahi kulisikia jina la Songea.

Karibu na ninapoishi kuna kitongoji chenye barabara zilizopewa majina ya nchi na miji ya Afrika, na baadhi yake majina ya watu walioiteka Afrika. Mwaka 1939, wakati wa utawala wa Hitler, barabara moja ilipewa jina la Carl Peters, aliyeasisi koloni la Wajerumani kwetu, ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu, na ambaye hata serikali yake mwenyewe ilimfukuza kazi mwaka 1897 kwa ukatili alioufanya Kilimanjaro. Mwaka 1986, malalamiko yalipozidi, wakuu wa mji hawakuliondoa jina hilo, bali walitangaza kwamba Peters anayeheshimiwa hapo sasa ni mwingine, Hans Peters, mwanasheria aliyewapinga Wanazi. Herufi zikabaki zilezile na barabara ikaendelea kuitwa Petersallee. Baraza la wilaya lilipoamua mwaka 2018 kulibadilisha jina lenyewe, baadhi ya wakazi walipeleka pingamizi, shauri likaenda mahakamani, na ikachukua hadi Agosti 23, 2024 ndipo vibao vipya vikawekwa: upande mmoja Maji-Maji-Allee, na upande wa pili Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia aliyeuawa Windhoek mwaka 1959.

Nilizungumza na majirani wengi katika miaka ile ya pingamizi, ngazini, dukani na kituo cha basi. Hawakuwa watu wabaya. Walisema kubadilisha anwani ni usumbufu, kadi za biashara zitachapishwa upya, wazee watapotea njia. Mmoja wao, mwalimu mstaafu mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, mama ambaye aliwahi kunipikia supu nilipougua, aliniambia kwa uchungu: “Mimi sikumwua mtu yeyote.” Ni kweli, hakuua. Lakini nilitamani aone kwamba hakuna aliyemshtaki kwa mauaji. Alichokuwa anaulizwa ni kama yuko tayari kupata usumbufu wa siku mbili ili jina la muuaji liondoke mlangoni pake, na jibu la swali hilo lilikuwa lake peke yake, si la babu yake wala la serikali. Kwa mtu wa Pangani jambo hili si la nadharia, kwa maana Abushiri bin Salim, aliyeongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani, alinyongwa mjini kwetu Desemba 1889 na jeshi la Hermann Wissmann, na Wissmann naye alikuwa na barabara yake hapa Berlin, eneo la Neukölln, hadi mwaka 2021 ilipopewa jina la Lucy Lameck, mwanasiasa wa Tanzania.

Mwalimu huyo ndiye aliyenifundisha, bila kukusudia, sura nyingine ya fikra za kikoloni. Baada ya ziara ya Rais wake huko Songea alibisha hodi kwangu akiwa na sanduku dogo la bati. Babu yake alikuwa askari katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, na familia ilikuwa imelihamisha sanduku hilo kutoka nyumba moja hadi nyingine kwa zaidi ya miaka mia moja bila kulizungumzia. Ndani mlikuwa na bangili mbili za shaba, barua kadhaa, na picha za wanaume waliofungwa minyororo shingoni wakiwa wamesimama kwa mstari. Nyuma ya picha moja palikuwa pameandikwa kwa wino “Ssongea, 1906”. Mama yule alilia, akaniomba nilichukue sanduku lote, kwa sababu, alisema, sasa hataweza kulala nalo chumba kimoja.

Nilikataa. Nilimweleza kwamba mimi ni mtu wa Pangani, na kutoka Pangani hadi Songea ni mwendo wa karibu nchi nzima. Kwamba wanaume wale walikuwa na majina, koo na wajukuu, na mimi si mmoja wao. Na kwamba kunikabidhi mimi kwa sababu tu ni Mwafrika aliye karibu zaidi ni kurudia kosa lilelile la babu yake, ambaye naye hakuona tofauti kati ya mtu na mtu. Nilimwambia pia kwamba machozi yake ninayaheshimu, lakini asinipe mimi kazi ya kuyafuta. Alikasirika na kwa majuma kadhaa hakunisalimu. Nami nilijiuliza kama nilikuwa mkali mno kwa mtu aliyekuja na moyo uliovunjika, na hadi leo sina hakika kwamba maneno yangu yalikuwa na upole wa kutosha. Hata hivyo ningekataa tena. Mtu akikuletea kilichoibwa kwa jirani yako, ukikipokea, yeye anaondoka akiwa mwepesi na wewe unabaki na mzigo, na mwenye mali bado hajui kitu.

Nimeliandika tukio hili kwa urefu kwa sababu naamini ndipo penye kiini cha jambo. Mzungu anayetaka kweli kuachana na mawazo aliyorithi huanza mara nyingi kwa kututafuta sisi tumfundishe, tumsikilize, kisha tumwambie kwamba yeye ni tofauti na wengine. Hata toba yake anataka ihudumiwe. Kuwajibika kunaanza pale anaposhika kazi yake mwenyewe: kusoma barua za babu yake, maana zimeandikwa kwa lugha yake na si yetu, kuwauliza ndugu zake mezani maswali ambayo familia iliyakwepa, kuandika kwa makumbusho na kwa mamlaka kueleza alicho nacho, na kuvumilia jibu lichelewe, au lije kwa sauti asiyoipenda.

Aanze pia na maneno anayotamka kila siku. Jeshi lililochoma maghala ya Wangoni liliitwa kwa Kijerumani Schutztruppe, yaani jeshi la ulinzi, na koloni lenyewe likaitwa eneo linalolindwa. Lililindwa dhidi ya nani, ikiwa waliokufa ndio wenye nchi? Hata leo vitabu vingi vya huku vinaitaja Majimaji kuwa ni uasi, wakati sisi tunasema vita. Mwasi ni yule anayemgeuka mtawala halali. Ukikubali neno hilo umekubali, kabla ya mjadala kuanza, kwamba Mjerumani alikuwa na haki ya kutawala Umatumbi. Kwa upande wetu, wazee walihifadhi katika msemo wa “hamsa ishirini” hesabu ya viboko ishirini na vitano ambavyo mtu alichapwa kwa amri ya afisa. Mjerumani anayejifunza Kiswahili ili aje kupanda Kilimanjaro anastahili kujifunza na neno hilo.

Kuna wanaosema kwamba hayo ni ya makumbusho na maprofesa. Sikubaliani nao. Ni kweli kwamba taasisi inayosimamia makumbusho ya serikali hapa Berlin ilichunguza asili ya mafuvu takriban 1,100 yaliyochukuliwa kutoka Afrika Mashariki, takriban 900 yakiwa ya Rwanda na yapata 200 ya Tanzania, na kwamba mwaka 2023 vipimo vya vinasaba viliyahusisha mafuvu matatu na watu walio hai wa Kilimanjaro. Lakini mafuvu hayo hayakujipeleka kwenye kabati la makumbusho. Kila moja lilifungashwa na mtu, daktari au ofisa, mwenye jina na mwenye nyumba, na watu wa aina hiyo hawakurudi kwao na vitu vya makumbusho peke yake. Kichwa cha Mangi Meli, mtawala wa Wachaga aliyenyongwa Moshi Machi 1900, kinatafutwa na ukoo wake hadi sasa. Cha Nduna Songea Mbano vilevile. Nani anayejua ni barua gani iliyo darini kwa mtu ingeweza kuonyesha njia?

Kazini kwangu, miaka kadhaa iliyopita, mgonjwa mmoja aliyekuwa na zaidi ya miaka tisini alikataa nimguse, akaniita kwa neno ambalo sitaliandika hapa. Akili yake ilikuwa imechoka na sikumwekea moyoni. Niliyemtazama alikuwa muuguzi mwenzangu, msichana wa umri wa binti yangu, msomi, ambaye wiki iliyotangulia alinieleza jinsi anavyouchukia ubaguzi. Aliinamisha macho, akaendelea kukunja shuka. Jioni aliniandikia ujumbe mrefu wa pole. Pole niliipokea, lakini nilimjibu kwamba nilimhitaji saa nne asubuhi, mbele ya kitanda, wakati ambapo sentensi moja ya kwake ingemgharimu kitu.

Jambo hili si la Wajerumani peke yao. Serikali ya Uingereza mwaka 2013 ilikubali kuwalipa zaidi ya Wakenya 5,000 walioteswa wakati wa Mau Mau, na Mfalme Charles alipofika Nairobi mwaka 2023 alisema hapakuwa na udhuru kwa ukatili ule, ingawa neno la kuomba msamaha hakulitamka. Nalo ni la ngazi ya juu. Huku chini, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Ulaya anafika kijijini kwetu na kupewa darasa la watoto arobaini bila kusomea ualimu, anawapiga picha bila kuwauliza wazazi wao na kuzitangaza mtandaoni, na anarudi kwao akisifiwa. Laiti angejiuliza swali moja kabla ya kupanda ndege: je, katika shule ya mtaa wake angeruhusiwa kufanya haya? Na sisi tunaompokea tunayo sehemu yetu, tunapomtanguliza kwenye foleni na kumpa kiti cha mbele kwa sababu ya rangi yake, lakini sehemu hiyo inahitaji barua yake yenyewe.

Namrudia msomaji aliyetuasa kwamba yaliyopita si ndwele. Methali hiyo ina nusu ya pili, tugange yajayo, na kuganga hakufanyiki juu ya kidonda ambacho hakijasafishwa. Mifupa iliyo ndani ya maboksi Berlin leo hii haijapita. Picha za watu wenye minyororo zilizo chini ya kitanda cha jirani yangu hazijapita.

Jirani huyo, kwa taarifa ya wasomaji, alirudi baada ya majuma yale. Hakuja na sanduku, alikuja na daftari. Alikuwa ameanza kunakili barua za babu yake kwa mwandiko unaosomeka, kwa kuwa ule wa zamani vijana wa Kijerumani wenyewe hawausomi, na amekwisha kuandika Songea kuuliza ni nani angependa kupata nakala za picha na nani wa kushauriana naye kuhusu bangili. Kaka yake amekasirika na haongei naye. Bado anaendelea.

Kwa hiyo nina maombi mawili kwako, Mhariri. La kwanza, waandishi wako wanapowahoji wageni kutoka Ujerumani, wawe mabalozi, watalii au wafadhili, wasiishie kuuliza nchi yao itatoa nini. Wawaulize pia nyumbani kwao kuna nini, na wao wenyewe wamefanya nini nacho. La pili, ufungue ukurasa ambapo familia za Songea, Umatumbi, Moshi na Iringa zitaandika majina ya wazee wao waliochukuliwa na vitu vilivyopotea nao, ili siku sanduku jingine litakapofunguliwa huku awepo mtu wa kuitambua bangili.

Wako,
Msomaji wa Wedding, Berlin